Fyuzi ikae karibu na betri, ndo tuongee mziki

Juzi jamaa yangu kaja na gari home, kashafungiwa mziki, sabufa mbili za inchi 12 kwenye buti na amplifaya ambayo boksi lake limeandikwa wati 2000, kapiga nyimbo mbili vioo vya sebuleni vinatetemeka. Nikamwambia sawa nimesikia, sasa fungua boneti. Waya mwekundu unatoka kwenye betri unazama kwenye tundu la bati unapotelea chini ya kapeti, fyuzi siioni. Namuuliza, ananiambia fundi kasema amplifaya ina fyuzi zake kwahiyo ya mbele haina kazi.

Jamani hiyo kauli naisikia kila siku na siyo kweli kabisa. Fyuzi za kwenye amplifaya zinalinda amplifaya. Ule waya wa mita 5 kutoka betri mpaka buti unabaki bila ulinzi, tena haupiti kwenye swichi ya ufunguo, una umeme muda wote hata ukiwa umezima gari umeenda kulala. Ukichubuka sehemu ukagusa bodi, betri inamwaga mamia ya ampia kwa mpigo na fyuzi ya kule buti haijui lolote maana umeme umeishia njiani. Kinachotakiwa ni fyuzi kwenye waya wenyewe, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri, na ikiwa karibu zaidi ndo bora zaidi.

Naongea hivi kwasababu yalinikuta. IST yangu ilifungwa mziki na fundi ambaye alipitisha waya kwenye tundu la bati bila raba, miezi kama minne mtikisiko wa injini ukawa unalikata ganda taratibu na mimi sina habari. Jioni moja nimepaki nje nikasikia harufu ya plastiki, kufungua boneti naona moshi mwembamba na ganda la waya limevimba limelegea, nikakimbilia spana namba 10 nikachomoa taminali ya hasi mikono inatetemeka. Watoto walikuwa wametoka kushuka kwenye hiyo gari dakika chache tu nyuma. Tulipouvuta ule waya, pale kwenye tundu ganda limekatika kama limepigwa msumeno, nyuzi kadhaa zimeyeyuka zikashikana, na ndani rangi yake nyeupe. Nyeupe! Na niliuziwa kwa jina la kopa.

Hiyo ndo kesi ya pili. Waya nyingi za bei chee ni aluminiamu iliyopakwa kopa juu, ukisoma vizuri kwenye ganda au kwenye pakiti utakuta CCA, kopa tupu huwa wanaandika OFC. Kama hamna maandishi omba kipande, chukua kisu kwangua uzi mmoja, ukibaki mwekundu mpaka ndani ni kopa, ukigeuka mweupe umeshajua. Pia ushike mkononi, kopa ni nzito zaidi ya mara tatu ya aluminiamu. Siyo kwamba CCA haifai kabisa, ila inapitisha umeme kwa shida zaidi kwahiyo lazima uende saizi nene zaidi, na usidanganyike na unene wa ganda maana kuna waya ganda lote nene ndani nyuzi za kuhesabu.

Saizi naipataje? Wati za kwenye boksi achana nazo, angalia fyuzi za amplifaya. Ya jamaa ina fyuzi moja ya ampia 30, zidisha kwa volti 13.8 unapata wati 414 zinazoingia, sasa 2000 zinatoka wapi? Kama ina mbili za 30 hesabu ampia 60, na kwa mita 5 mi naweka kopa ya geji 4, yaani milimita za mraba 21, inapoteza kama robo volti tu. Ukiweka geji 8 ya kopa unapoteza 0.6, geji 8 ya CCA inakaribia volti nzima, na hiyo volti yote inageuka joto ndani ya waya uliofunikwa na kapeti. Fyuzi ya mbele hapo inakuwa 60, na kamwe isizidi uwezo wa waya, ikikata usiibadilishe kwa kubwa wala usiunge na kipande cha waya, tafuta kilichoikata.

Ethi, yaani waya wa hasi wa amplifaya unaofungwa kwenye bodi ya gari, nayo iwe unene uleule, fupi, isizidi nusu mita, piga msasa rangi itoke mpaka bati ling'ae ndo ufunge bolti. Bolti za mkanda wa usalama msiziguse tafadhali.

Gari ya jamaa mpaka sasa taminali ya ule waya imechomolewa kwenye betri, nimemfungia na tepu. Jumamosi tunaweka raba na fyuzi ya 30, ndo aendelee na mziki wake.