Apewe dawa alale?

Juzi kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha mtaa, mama mmoja aliuliza kama kuna anayejua mahali ambapo mwanawe anaweza kufanya yoga, yale mazoezi ya kunyoosha mwili na kuvuta pumzi polepole. Kijana alikuwa KDF, jeshi letu la Kenya, alirudi kutoka Somalia akiwa mgonjwa wa akili, na daktari wake ndiye aliyetoa shauri hilo. Majibu yalimiminika. Wa kwanza akasema hiyo ni ibada ya mashetani. Wa pili akasema ni mambo ya matajiri wa Karen. Wa tatu akaandika, "Mama, apewe dawa alale."

Huyo wa tatu ndiye aliyenikosesha usingizi, kwa sababu anasema kwa sauti kile ambacho sote tunakifanya.

Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011. Januari 2016 ikawa El Adde, mwaka uliofuata Kulbiyow, kambi zetu mbili zilizovamiwa na al-Shabaab. Waliokufa tuliwapigia saluti. Waliorudi hai huku akili zao zimebaki kule tumewaachia mama zao. Wengi wa hao wana kiwewe, ila wapo wenye maradhi mazito zaidi, wanaosikia sauti, wenye skizofrenia na baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), na hao hata kwenye hotuba za kuwasifu wanajeshi huwasikii wakitajwa.

Namjua mmoja. Zamani alikuwa akikimbia alfajiri kabla hata ya watu wa mkate kuamka, na watoto wa mtaa wakimfuata nyuma. Siku hizi anashinda kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba. Sindano yake hakosi. Amenenepa hadi viatu havimwingii, na sasa ana kisukari. Aliniambia, "Sauti zimepungua, lakini huu mwili si wangu tena." Kila akienda kliniki anaulizwa mambo mawili tu: unalala, unasikia sauti? Presha hapimwi. Kiuno hakipimwi. Hakuna anayemuuliza mara ya mwisho alitembea lini.

Na mwili ndio unaowaua. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba watu wenye maradhi mazito ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao, na wengi huuawa na moyo, kisukari na magonjwa mengine ya mwili yanayozuilika. Baadhi ya dawa zenyewe, olanzapine kwa mfano, huongeza hamu ya kula, uzito na sukari mwilini. Simwambii mtu aache dawa. Anayeacha dawa ghafla mara nyingi hurudi wodini, na pengine harudi nyumbani tena. Ninachosema ni kwamba ukimpa mtu dawa inayomnenepesha, kisha ukamwacha aketi mchana kutwa, hujamtibu. Umemnyamazisha.

Huko Bengaluru, India, kwenye taasisi ya afya ya akili ya NIMHANS, watafiti walichukua wagonjwa 61 wa skizofrenia, wote wakiendelea na dawa zao. Kundi moja likafunzwa yoga, jingine mazoezi ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Baada ya miezi minne, kundi la yoga lilikuwa limepata nafuu zaidi katika zile dalili ambazo dawa hazizigusi sana: kujitenga, kukosa hamu ya chochote, kushindwa kukaa na watu. Marekani nao, ambao wana wanajeshi wastaafu wengi na vita vingi vya kuwaugulisha, waliiingiza yoga mwaka 2017 katika huduma za hospitali zao za wastaafu.

Haya, nakubali: tafiti nyingi ni ndogo, na kuna wanaosema mazoezi yoyote yangesaidia vilevile. Basi apewe hayo mazoezi yoyote! Mbona hata hayo hapewi?

Lakini kwa mwanajeshi mimi bado nitaitetea yoga. Huyu ni mtu aliyefunzwa kukaa chonjo, na mwili wake haujapata amri ya kupumzika. Ukivuta pumzi kisha ukaitoa polepole, mapigo ya moyo hupungua, na hilo halihitaji aeleze aliyoyaona. Hata anayesikia sauti anaweza kunyoosha mkono akiambiwa anyooshe. Saa nzima ana kiongozi, mpangilio na wenzake kando yake, vitu alivyovijua kambini.

Ila si kila mwalimu atamfaa. Usimjie kwa nyuma. Usimguse bila ruhusa, hata kumnyoosha mgongo. Aweke mkeka mahali anapouona mlango, na asilazimishwe kufumba macho. Mikanda ya kujivutia miguu iwekeni kando, maana kuna aliyewahi kufungwa kitandani wodini. Na kutafakari kimya kwa muda mrefu kusiwe kwa mtu ambaye kichwa chake kina kelele, kunaweza kumzidishia. Mwili usogee, macho yawe wazi.

Kuhusu mashetani: wasiotaka kuimba maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, wasiimbe. Kunyoosha mgongo si kuabudu.

Kuhusu utajiri, shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa 2007, limekuwa likiwafunza vijana wa Nairobi kuwa walimu, na wengi wao ni wa mitaa kama wetu. Walimu tunao. Mathari, hospitali ya taifa ya wagonjwa wa akili, ina uwanja, na hospitali ya jeshi inao. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Kwenye janga watu hutoa pesa, na hapa zinazotakiwa ni za mikeka, za mwalimu, na za nauli. Nauli naitaja kwa makusudi. Kutoka Kayole hadi Mathari na kurudi, mara mbili kwa wiki, pamoja na mama wa kumsindikiza, ni pesa ambazo nyumba ile haina. Jeshi lilimsafirisha hadi Somalia kwa gharama zake. Limlipie nauli ya matatu.