Betri ya kutwa, printa isiyoonekana

Mwaka 1985, mjini Cambridge, Uingereza, Steve Furber aliamua kupima umeme unaoliwa na chipu ya kwanza ya ARM, aina ya prosesa ambayo yeye na Sophie Wilson waliibuni wakiwa kampuni ya Acorn. Mita ikasoma sifuri. Kumbe waya wa umeme haukuwa umeunganishwa, na chipu ilikuwa inapiga kazi kwa umeme kidogo uliovuja kutoka kwenye saketi za jirani. Kisa hiki husimuliwa kueleza jinsi ARM ilivyokuja kutawala simu. Lakini Acorn hawakuwa na habari ya simu. Walitaka prosesa ya kompyuta ya mezani, na mwaka 1987 wakaiweka kwenye kompyuta yao ya Archimedes. Leo tunapobishana kama chipu ya simu inaweza kubeba kompyuta kamili, tunabishana kuhusu mtoto anayerudi kwao.

Kuhusu nguvu, kwangu mimi mjadala ulifungwa Novemba 2020, Apple ilipotoa M1, chipu yake ya ARM kwa kompyuta. MacBook Air ya mwaka huo haina hata feni, na kampuni iliahidi hadi saa 18 za kutazama video kwa chaji moja. Programu zilizoandikwa kwa ajili ya chipu za Intel, ambazo lugha yake si ya ARM, ziliendeshwa kupitia mkalimani aitwaye Rosetta 2, na watumiaji wengi hawakujua kama kuna ukalimani unaoendelea. Kufikia Juni 2023, kompyuta zote mpya za Apple zilikuwa zimehamia ARM.

Ila Apple huamuru, na waliomo humo hufuata. Microsoft hawana ubavu huo. Mwaka 2012 walitoa Windows RT, ya chipu za ARM, iliyofanana na Windows kwa sura lakini ikakataa programu zote za zamani. Julai 2013 walikiri hasara ya dola milioni 900 kwa tableti za Surface RT. Mwishoni mwa 2017 wakarudi na mashine zenye Snapdragon 835, chipu ya simu ya Qualcomm, safari hii na mkalimani, ila alijua programu za biti 32 tu, yaani za mtindo wa zamani. Za biti 64 zilisubiri Windows 11, mwaka 2021. Juni 2024 zilipokuja chipu za Snapdragon X na mkalimani mpya, Prism, ndipo Windows ya ARM ikawa kitu unachoweza kumpa mtu bila kumwomba radhi.

Hata hivyo kuna mahali mkalimani hafiki. Programu ya kawaida hutafsirika. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa kama printa, haitafsiriki, kwa sababu huingia ndani ya mfumo wenyewe, mara nyingi hadi kwenye kiini chake, na lazima iandikwe upya kwa ajili ya ARM. Nani ataiandika upya kwa printa iliyoacha kutengenezwa miaka kumi iliyopita? Mtu wa ofisi mwenye vifaa vipya hataona tofauti. Mwenye stesheneri, mwenye skana ya zamani na printa aliyoinunua mtumba, ataiona siku ya kwanza, wateja wakiwa kwenye foleni. Michezo kadhaa ya mtandaoni nayo hugoma kwa sababu hiyohiyo: kinga zake dhidi ya udanganyifu hujichimbia kwenye kiini.

Intel nao hawakulala. Chipu zao za Core Ultra 200V za mwaka 2024 zimepunguza sana pengo la betri, na zinaendesha kila kitu cha zamani bila mkalimani.

Kinachonipa wasiwasi zaidi hakitajwi kwenye matangazo. Laptopu ya Intel iliyochoka unaweza kuifuta na kuitia Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ikaishi miaka mingine mitano. Mtumba mwingi wa kompyuta unaishi kwa njia hiyo. Dunia ya simu haina desturi hiyo. Windows RT ilifungwa kabisa usiweze kuingiza mfumo mwingine. Laptopu za Snapdragon ni afadhali, ila Linux huhitaji maelezo mahususi ya kila modeli. Kwenye Mac za M1 mlango uko wazi, lakini Apple haikutoa ramani ya nyumba, kwa hiyo watu wa kujitolea wa Asahi Linux walilazimika kupapasa chumba baada ya chumba. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, nayo ya Cambridge na nayo ya ARM, inaendesha Linux tangu 2012 bila kufuli ya aina hiyo, kwa hiyo tusiisingizie chipu. Kufuli ni uamuzi wa anayeuza.

Je, ningenunua? Kwa kuandika, kuvinjari na kuhimili umeme unaokatika mchana kutwa, ndiyo, na bila kusita sana. Mwenye stesheneri ningemwambia abebe printa yake hadi dukani, aichomeke, achapishe ukurasa mmoja kabla hajatoa pesa.