Mtu wa wahka msimpumzishe mno

Kwetu Pemba mtu mzima akiingiwa na wahka, yaani wasiwasi usiomwachia, la kwanza tunalomfanyia ni kumpunguzia kazi. Sokoni anatumwa kijana. Harusini anaombewa udhuru. Simu zake anapokea mkewe. Twafanya kwa huruma, na mimi naona huruma hiyohiyo ndiyo inayomfungia ndani.

Mtazame ndani ya gari ya Chake. Abiria wanabanana, moyo unaanza kwenda mbio, pumzi zinakatika, vidole vinafanya ganzi, anahisi roho inatoka. Anateremka njiani. Akikanyaga chini tu anapata nafuu, na ubaya uko hapo: nafuu inamfundisha kuwa kilichomwokoa ni kuteremka. Kesho hapandi kabisa. Halafu linafuata soko, kikao cha kazini, mwisho sala ya Ijumaa.

Ndiyo maana natamani tuijue zaidi tiba kwa vitendo (occupational therapy), inayomrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku kwa kuzifanya. Wengi tukiisikia tunamfikiria aliyepigwa na kiharusi akifundishwa upya kufunga vifungo vya shati. Kumbe fani hii ina mizizi kwa wagonjwa wa akili. Mmoja wa walioasisi chama cha kwanza cha fani hii Marekani, mwaka 1917, ni Eleanor Clarke Slagle, aliyekuwa akiwapangia wagonjwa hao siku nzima: kuamka, kula, kazi, michezo, mapumziko.

Mtaalamu anaanza na siku yako. Walala saa ngapi, wanywa kahawa vikombe vingapi, kazi ipi umeiacha, na ipi inakuuma zaidi kuikosa? Tuseme ni mwalimu wa skuli, na kinachomuuma ni Ijumaa. Basi Ijumaa hiyo inakatwa vipande. Kwanza Alasiri, msikiti mdogo wa mtaani, watu safu mbili. Akizoea, Ijumaa yenyewe, safu ya nyuma karibu na mlango, pamoja na ndugu yake. Kisha palepale bila ndugu. Kisha safu ya katikati, ambako hatoki mtu mpaka imamu atoe salamu. Kila hatua inarudiwa mpaka aione ya kawaida. Woga ukipanda haukimbiwi. Anausubiri ushuke, huku akitoa pumzi polepole.

Sisemi kisomo cha Kurani kiachwe. Asomewe, na dawa alizoandikiwa na daktari azinywe. Ila kupanda gari atapanda mwenyewe.

Nina ugomvi na ile picha ya mgonjwa anayesuka ukili siku nzima ikaitwa tiba. Kazi ya mikono inatuliza, sikatai. Msimu wa karafuu, jamvi limetandikwa, watu wamelizunguka fungu, mikono inatenganisha karafuu na makonyo na mazungumzo yanakwenda yenyewe. Mtu wa wahka anaweza kukaa hapo muda mrefu asiukumbuke moyo wake. Pazuri pa kuanzia. Lakini mwalimu aliyeacha kufundisha hatapona jamvini. Arudi darasani, hata kwa kipindi kimoja kwa siku, mwalimu mkuu akijua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi, na ni karibu mmoja tu kati ya wanne anayepata matibabu. Huku kwetu ukitaja hospitali ya akili watu wanafikiria Kidongo Chekundu, Unguja. Mwalimu wetu hendi. Anaogopa kuonekana, na boti yenyewe anaiogopa. Huduma hii inapaswa kuwa Chake, Wete na Mkoani, na mtaalamu asikae chumbani tu. Siku nyingine apande gari pamoja na mgonjwa.

Nyumbani nako kuna la kufanya. Kwanza apimwe, maana moyo kwenda mbio huweza kuletwa na upungufu wa damu au maradhi ya tezi ya shingo. Vipimo vikiwa salama, mrudishieni kazi moja, bila ya kumwambia "jikaze, wewe mwanamme". Samaki wa Alkhamisi, kwa mfano. Mwende mapema, soko halijajaa. Achague yeye, apatane bei yeye, alipe yeye, nanyi mngojeni pembeni. Akirudi na changu wadogo kuliko mlivyotaka, pikeni haohao, na Alkhamisi ijayo mtumeni tena.