Ukitumikia, usomeshwe? Hesabu ya tuzo ya elimu kwa vijana wa Lindi na Mtwara

Kila mwaka orodha ya wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) inapotoka, mzazi wa Nachingwea au Masasi huwa na swali moja: akirudi, anarudi na nini? Jibu la mazoea ni nidhamu, ukakamavu, uzalendo na cheti. Sibezi hata kimoja. Ila ada ya chuo hailipwi kwa ukakamavu, na ndiyo maana wazo la kumpa tuzo ya elimu kijana aliyelitumikia taifa linastahili kujadiliwa kwa mapana, pamoja na mabaya yake.

Wazo hilo linatumika Marekani. Sheria iliyosainiwa na Rais Bill Clinton mwaka 1993 ilizaa AmeriCorps, mpango unaowaweka watu mashuleni, kwenye huduma za afya, utunzaji wa mazingira na maeneo yaliyopatwa na maafa kwa muda uliopangwa. Ukimaliza, unapata tuzo ya elimu, ambayo leo ina jina la Eli Segal, mmoja wa walioujenga mpango huo. Aliyetimiza mwaka mzima wa saa 1,700 hupata fedha inayolingana na kiwango cha juu cha Pell, ruzuku ambayo serikali yao huwapa wanafunzi wa familia za kipato kidogo. Miaka ya karibuni hiyo imekuwa dola 7,395, zaidi ya shilingi milioni 17 za kwetu. Aliyetumikia saa chache hupata kidogo.

Mambo mawili ya mpango huo husahaulika watu wanapousifia. La kwanza, fedha haipiti mkononi mwa kijana. Inakwenda moja kwa moja chuoni, au kwa aliyemkopesha kama alishasoma kwa mkopo, na ana miaka 7 ya kuitumia kabla haijafutika. La pili, na kwangu ndilo kubwa, wakati anatumikia hulipwa posho ya kujikimu. Tuzo ni nyongeza ya mwisho; wali wa leo unatoka kwenye posho. Wenyewe wanalalamika kwamba posho ni ndogo na kwamba tuzo inahesabiwa kuwa kipato kinachotozwa kodi, na kweli kuna watu ambao miaka yao 7 imekwisha bila kuigusa. Hata hivyo, mtu anajua tangu siku ya kwanza anachokidai, na kimeandikwa.

Kwetu uhusiano wa kulitumikia taifa na kusoma ni wa siku nyingi, ila umekuwa ukienda kinyume: badala ya tuzo, sharti. JKT lilianzishwa Julai 1963. Mwaka 1966 wasomi walipotakiwa kutumikia miaka 2, sehemu kubwa ya muda huo wakiwa kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere aliwatimua zaidi ya 300 kati yao, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974: mhitimu wa kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja, apite JKT, afanye kazi, apate na mapendekezo ya anakofanyia kazi na ya chama tawala, TANU. Nia ilikuwa kumkumbusha msomi kwamba anasomeshwa na mkulima. Matokeo moja ambayo hayakupangwa ni kwamba wasichana walioingia chuo kikuu walipungua, kwa kuwa kwa msichana miaka ya kungoja ni miaka ya kuolewa, na baada ya muda si mrefu ikabidi waondolewe sharti hilo.

Nalitaja hili kwa sababu wanaotetea tuzo husema ni hiari, haimuumizi mtu. Si kweli kabisa. Chochote kinachomwambia kijana "ngoja kwanza, malipo yako mbele" kinamchuja anayeweza kungoja kutoka kwa asiyeweza. Kijana wa Tandahimba anamaliza mtihani Mei. Mei hiyohiyo hadi Julai ndiyo miezi ya kupulizia mikorosho salfa, na kwa kaya nyingi mtu wa kubeba bomba ni yeye. Akiondoka kwa mwaka mzima, baba analipa kibarua au mikorosho inapata ugonjwa wa ubwiriunga. Mtoto wa mtumishi wa halmashauri hana hesabu hiyo. Bila posho, tuzo ingeishia kwa aliyekuwa na uwezo tangu mwanzo, na mezani tungehesabu vijana wengi waliojitolea, tukapiga makofi.

Sasa upande wa pili, ambao kwangu una uzito zaidi: huku Kusini watu tayari wanalitumikia taifa bila kuitwa kwa jina hilo. Nenda shule yoyote ya msingi iliyo mbali kidogo na barabara ya lami, Liwale au Nanyumbu, uliza kuhusu walimu wa kujitolea. Wapo. Ni wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira, wengine ni wa kidato cha nne tu, wanafundisha hesabu darasa la tatu lililojaa watoto. Wazazi huchanga. Nimeliona daftari la michango la shule moja, limepigwa mistari kwa rula, safu ya majina na safu ya miezi, na pembeni ya majina mengi neno moja: "korosho". Maana yake mzazi atalipa mnada wa korosho ukipita na chama cha msingi cha ushirika kikishaingiza fedha. Mwalimu naye anakula vipi kati ya Machi na Oktoba? Kwa mkopo wa dukani na kwa huruma ya mama mwenye nyumba. Akiondoka baada ya miaka miwili au mitatu, anapewa barua yenye mhuri wa shule ikisema alijitolea na ana tabia njema. Wabunge wameuliza sana bungeni ni lini watu hawa watapewa kipaumbele kwenye ajira. Barua yenye mhuri haina hata senti moja ya ada ndani yake.

Kwa mtu huyu tuzo ya elimu ingekuwa haki iliyochelewa. Mwenye kidato cha nne angepata njia ya kwenda chuo cha ualimu pale Mtwara. Fundi anayekarabati madawati bure angeingia chuo cha ufundi cha VETA. Hapo naunga mkono bila kusitasita.

Hatari yake ni kwamba serikali yoyote, ya chama chochote, ikishaona darasa lina mtu mbele, haraka ya kuajiri inapungua. Mwalimu wa kujitolea mwenye tuzo ni nafuu kuliko mwalimu mwenye mshahara, likizo na mafao. Tunaweza kujikuta tumejenga daraja la kudumu la walimu wa mpito, kila mwaka wapya, kila mwaka wanajifunza kazi juu ya vichwa vya watoto walewale wa vijijini, huku mjini wakipelekwa walioajiriwa. Wamarekani walilizungushia uzio: sheria yao inakataza kumtumia mtu wa AmeriCorps kuchukua nafasi ya mwajiriwa. Uzio wa namna hiyo kwetu ungekuwa mgumu zaidi, maana nafasi yenyewe mara nyingi haina mwajiriwa wa kuchukuliwa nafasi yake. Iko wazi tu, mwaka baada ya mwaka.

Wapo wasemao kulipa kunaua moyo wa kujitolea. Sioni. Yule mwalimu wa kwenye daftari moyo wake umeshathibitika. Kinachouawa ni tumbo lake. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya ahadi. Kwa miaka mingi tuzo ya JKT kwa vijana wa kujitolea wa miaka 2 imekuwa matarajio ya ajira: jeshini, polisi, magereza, uhamiaji. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kila mmoja ataajiriwa, lakini kila mmoja anakwenda akiamini hivyo. Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kuachishwa mafunzo kwa vijana 854 waliogoma na kutaka kuandamana kudai ajira, wakiwemo walioshiriki kujenga Ikulu ya Chamwino na ukuta wa machimbo ya tanzanite ya Mirerani. Nidhamu ya jeshi ina taratibu zake na siziingilii. Lakini mzozo ule ulitoka kwenye malipo ambayo upande mmoja uliyaona ahadi na upande mwingine haukuyaona hivyo. Tuzo iliyoandikwa, yenye kiasi na muda, ingepunguza mizozo ya aina hiyo, hata kama kiasi chenyewe ni kidogo.

Ikiandikwa, iandikwe ilipwe chuoni. Kijana mwenye shida akishikishwa hati ya fedha ya miaka miwili ijayo atatokea wa kumnunulia kwa nusu bei, kama kangomba, walanguzi wa korosho, wanavyozinunua zingali maua.

Kuna kipengele kimoja cha Wamarekani ambacho huku kingehitaji kupindwa kidogo. Tangu sheria yao ilipopanuliwa mwaka 2009, mtu anayeanza kutumikia akiwa na miaka 55 au zaidi anaweza kumpa tuzo mwanawe au mjukuu wake. Wazo zuri, na huku wazee wenye nguvu za kufundisha kusoma na kuandika hawakosekani. Lakini kwa Wamwera, Wamakua na Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye anayebanwa ada inapokosekana. Mzee wa Ruangwa angeuliza kwanza: mpwa wangu yumo? Kanuni isiyomtambua mpwa ingemkuta tayari ameshamtafutia cheti cha kuzaliwa kinachomfanya mtoto wake wa kumzaa, na hapo tungeanza kuwaita wazee wetu wadanganyifu kwa kosa la aliyeandika fomu mjini.

Fedha itoke wapi? Njia rahisi inayotajwa ni kuipitishia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu: aliyetumikia afutiwe sehemu ya deni, badala ya kukatwa ile asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Kwa hazina hilo halina maumivu ya papo hapo, kwa kuwa hakuna fedha mpya inayotoka. Kuna fedha inayokoma kurudi. Naielewa hamu ya wahasibu. Shida ni nani anayeguswa. Mwenye deni la Bodi ni aliyeshafika chuo, na aliyeajiriwa ndiye anayekatwa kwenye mshahara. Binti wa Newala aliyeishia kidato cha nne akafundisha watoto wa kijiji chake miaka mitatu hana deni la kufutiwa. Kwa mikoa yetu mpango wa namna hiyo ungewapita wengi wa wale wanaoutumikia umma hivi sasa.

Kwa hiyo ningeanzia chini: VETA za Lindi na Mtwara, vyuo vya maendeleo ya wananchi kama Chilala, Masasi na Newala, na vyuo vya ualimu. Gharama kwa kichwa ni ndogo kuliko ya chuo kikuu, fedha ileile inafikia watu wengi, na anayesoma umeme Mtwara ana uwezekano mkubwa wa kubaki Mtwara. Atakayeugua au kujifungua katikati alipwe kwa miezi aliyotumikia, kama Wamarekani wanavyofanya kwa mwenye sababu ya msingi, ili yasijirudie yale ya Azimio la Musoma.

Linabaki suala la nani anasaini saa. Marekani kuna fomu, msimamizi, na mfumo wa kompyuta. Huku atakuwa mwalimu mkuu, mganga wa zahanati au mtendaji wa kijiji, na saini yake itakuwa na thamani ya ada ya mwaka mzima. Siku hiyo kila mwenye mtoto atakuwa rafiki wa mtendaji. Dawa ninayoiona ni kuyabandika majina na saa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji kila mwezi, kama vyama vya msingi vinavyobandika malipo ya korosho, ambako wakulima hutafuta jina lao kwa kidole na kumwita karani wanapoona kilo zimepungua. Mzazi anayejua kwamba mwalimu wa darasa la tatu hakuonekana tangu Jumatatu hatakubali kusoma kwamba ametimiza saa zote za wiki.