Sindano kwenye kongosho: lini ichomwe, lini iachwe

"Uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa." Kauli hii haikosi kusikika mgonjwa anapoambiwa atatolewa kwa sindano kinyama cha kupima, na madaktari wengi huipuuza. Kwenye kongosho ina chembe ya ukweli.

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, katikati ya mishipa mikubwa ya damu. Sindano inaweza kupitia kwenye ngozi huku daktari akiifuatilia kwa utrasaundi au CT-scan. Au mpira mwembamba wenye utrasaundi kwenye ncha hupitishwa mdomoni, kisha sindano itoboe ukuta wa tumbo la chakula au wa utumbo. Seli za saratani kudondoka njiani ni nadra, lakini hutokea. Uvimbe ukiwa kwenye kichwa cha kongosho, kipande cha utumbo kilichotobolewa kwa kawaida hukatwa pamoja nao wakati wa upasuaji. Ukiwa mkiani, tundu hubaki kwenye ukuta wa tumbo la chakula. Njia ya ngozini nayo huacha tundu lisilokatwa, popote uvimbe ulipo. Hivyo, kwa anayetarajiwa kupasuliwa, njia ya mdomoni ndiyo hupendelewa.

Lakini je, huyo wa kupasuliwa anahitaji sindano? Picha zikionyesha saratani waziwazi na uvimbe unaweza kuondolewa wote, miongozo mingi hailazimishi. Saratani hii hujizungushia kovu gumu, sindano ikarudi na kovu tupu. Jibu la "hakuna saratani" halimzuii daktari mpasuaji. Hapo mimi naona sindano ni kupoteza muda.

Picha zikiwa na utata, msimamo wangu hugeuka. Upo uvimbe wa kongosho unaosababishwa na kinga ya mwili yenyewe, unaofanana mno na saratani na unaotibika kwa vidonge vya steroidi (dawa za kutuliza kinga hiyo). Kumkata mtu huyo kichwa cha kongosho, utumbo na kifuko cha nyongo ni hasara isiyorudi. Na asiyeweza kupasuliwa hapewi dawa za kemikali kabla kinyama hakijathibitisha ugonjwa.

Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple, alisimulia haya mwaka 2005. Baada ya picha, madaktari walimwambia aende nyumbani akaweke mambo yake sawa. Jioni ileile sindano ikapitishwa mdomoni hadi kwenye kongosho, na walipotazama seli kwa darubini wakalia: ilikuwa aina adimu inayotibika kwa upasuaji. (Kwamba aliuchelewesha upasuaji huo ni habari nyingine.)

Kwetu Tanzania, hospitali ya Muhimbili imekuwa ikijenga tiba radiolojia (kutibu na kuchukua vinyama kwa sindano inayoongozwa na picha) tangu 2018 kwa kushirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, na mikono ya kuchoma sindano inaongezeka. Ninachohofia ni kinachofuata. Katika hospitali nyingi ndugu hukabidhiwa kichupa cha formalini (dawa ya kuhifadhi kinyama) akipeleke maabara mwenyewe, halafu wanaanza kusubiri, huku wataalamu wa patholojia, wanaosoma vinyama kwa darubini, ni wachache. Mgonjwa ambaye nyongo imeziba na macho yamegeuka njano hana wiki za kusubiri. Kabla ya kusaini fomu, aulize jambo moja: jibu likija "hakuna saratani", mpango wa matibabu utabadilika?