Mgao ulikuwa wa haki, lakini nani alipanga foleni?

Wanaousifu mgao wa chakula wa Uingereza wa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ulioanza tarehe 8 Januari 1940, wana hoja nzito. Kitabu cha mgao cha tajiri kilikuwa na kipimo kilekile cha maskini. Wajawazito na watoto wadogo walipata maziwa kwa bei nafuu, na kufikia 1945 vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimepungua kuliko kabla ya vita. Sibishani na hayo.

Ninachobishana nacho ni neno walilobandikwa wanawake wa viwandani: watoro. Desemba 1941 sheria iliwaita wasioolewa wa miaka 20 hadi 30 kwenye utumishi wa vita, na walioolewa nao wakaingia viwandani kwa wingi. Mabosi wakalalamika kwamba hawaonekani kazini.

Basi tuifuate siku ya mama mmoja wa kiwandani. Siagi ni gramu 57 kwa wiki, na lazima aichukue kwenye duka alilojiandikisha, aghalabu la mtaani kwake, si lile la jirani na kiwanda. Anatoka zamu jioni, duka limeshafungwa. Samaki ndiyo kabisa: hawakuwa kwenye mgao, kwa hiyo aliyewahi ndiye aliyepata, na foleni yao ilianza yeye akiwa kwenye mashine. Nyumbani ovaroli zenye grisi zinamsubiri, na tangu Februari 1942 hata sabuni ni ya kuponi. Akikosa kazi nusu siku ili watoto wale, huo ni utoro gani? Ile haki ya mgao ilikamilishwa na miguu yake.

Serikali haikukaa kimya. Ilifungua vituo vya kulea watoto, na kantini za viwandani zilitoa chakula bila kuponi. Vilisaidia, ila kantini haikumpikia aliyebaki nyumbani. Wengine husema vita viliwafungulia wanawake milango ya ajira. Kweli, lakini kwa malipo pungufu, ndiyo maana mwaka 1943 wanawake wa kiwanda cha Rolls-Royce huko Hillington, Glasgow, waligoma.

Mkate, ambao haukuguswa vita vizima, uliingia kwenye mgao Julai 1946, wakati wengi wa wanawake hao walikuwa wamesharudishwa jikoni. Nyama ilitolewa kwenye mgao mwisho, Julai 1954. Kwa miaka 14 na nusu, aliyeshika kikapu kwenye foleni alikuwa mama.