Kiti cha Sentimita 38

Jamani, nani aliamua kwamba watu wa zamani hawakuwa na makalio? Uwanja wa besiboli wa Fenway Park pale Boston, Marekani, ulifunguliwa Aprili 1912, ukakarabatiwa pakubwa 1934, na vile viti vya mbao vya buluu kwenye jukwaa lenye paa ni vya kipimo cha enzi hizo: inchi 15, yaani sentimita 38 hivi. Chukua rula ya mtoto wa shule, ongeza upana wa kiganja chako. Hapo ndipo utakapokaa zaidi ya saa mbili na nusu, kwa hela zako mwenyewe, bila kushurutishwa na serikali yoyote.

Usidhani ukishalipa ndiyo utauona mchezo. Paa la jukwaa hilo limebebwa na nguzo za chuma, na nguzo haijali ulilipa ngapi. Tiketi yenyewe husema kwamba mbele ya kiti chako kuna kizuizi, lakini husema kwa maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Wewe uliona bei imeshuka, ukacheka peke yako usiku, ukabonyeza. Siku ya mechi mrushaji unamwona vizuri, mpigaji unamwona nusu, mpira unausikia tu. Soma mstari wote wa maelezo ya kiti kabla ya kulipa. Kuna tovuti ambako watu hupakia picha walizopiga wakiwa wamekaa, sehemu kwa sehemu, safu kwa safu. Zitafute. Dakika kumi za kuangalia picha ni nafuu kuliko jioni nzima ya kukumbatia chuma.

Halafu kuna zile sehemu za mkono wa kulia, namba 1 hadi 8 na jirani zake. Hazina shida ya nguzo tu. Viti vimeelekezwa kwenye majani ya katikati ya uwanja, ilhali mambo yote yanatokea kushoto kwako, kwa mpigaji. Basi unageuza shingo. Ikifika iningi ya tatu kati ya tisa (iningi ni kipindi ambacho kila timu inapata zamu moja ya kupiga), umeshaijua sura ya jirani yako wa kushoto kuliko ya mkeo. Ukitaka nafuu, nenda majukwaa ya wazi nyuma kabisa, sehemu ya 34 hadi 43. Huko hakuna nguzo, lakini hakuna paa pia. Mechi ya mchana ya Julai jua linakuchoma utosi, na ya Aprili usiku baridi inaingia hadi kwenye uboho. Watu wanafungasha kofia ya jua peke yake kwa sababu tangazo lilikuwa na picha ya jua. Aprili Boston ni koti, soksi nene na kikombe cha kitu cha moto. Nani alikwambia besiboli ni mchezo wa kiangazi?

Saa sasa. Tiketi imeandikwa 7:10 PM. Kwa Kiswahili hiyo ni saa moja na dakika kumi usiku, sawa. Lakini mwambie hivyo kijana aliyezaliwa Lowell, mji wa jirani ambako Wakenya wamejaa, naye anasikia saa moja ya Kizungu, anakusubiri mlangoni saa saba mchana amekunja uso. Mama mkwe aliyefika majuzi kutoka Kiambu naye akiona 1:35 PM kwenye simu anajua mechi ni ya jioni, anapika kwanza. Familia moja, tiketi moja, saa mbili. Andika kwenye karatasi, bandika kwenye friji: muda wa kutoka nyumbani, si muda wa mechi. Milango hufunguliwa takriban saa moja na nusu kabla ya mpira wa kwanza, na msururu wa ukaguzi haumjui mama mkwe wa mtu.

Na gari liache nyumbani, nakusihi. Siku ya mechi kila kipande cha lami karibu na uwanja kinageuka maegesho, hata vituo vya mafuta, na bei ya kuegesha inaweza kuipita ya tiketi. Hapo magari hupangwa kama sigara kwenye pakiti: wa nyuma asipotoka, wewe wa mbele hutoki. Na wa nyuma ndiye yule shabiki asiyeondoka mpaka taa zizimwe.

Panda treni. Wanaotoka mji wa Worcester wamebahatika, treni yao inasimama kituo cha Lansdowne, mkabala na uwanja. Wa Lowell wanashuka North Station, halafu wanaingia treni za mjini za njia ya kijani, zenye matawi yanayoitwa kwa herufi, na hapo ndipo watu wanapopotea. Kutoka North Station panda D. Usipande E, hata kama imekuja tupu inakuchekea; baada ya kituo cha Copley inakata kona yake, na wewe unaishia kuuliza njia hospitalini. Shuka Kenmore. Sasa nisikilize: mbele kidogo kuna kituo kinaitwa Fenway. Uwanja unaitwa Fenway, kituo kinaitwa Fenway, akili ya kawaida inasema shuka Fenway. Hapana! Kituo cha uwanja wa Fenway ni Kenmore. Nani alipanga hivyo, na alikuwa na ugomvi gani na wageni?

Tiketi za karatasi zimepitwa na wakati. Tiketi iko ndani ya simu, kwenye programu ya ligi. Maana yake ni kwamba ukiwa na watu sita, watu sita wamefungwa kwenye betri yako, ile uliyoimaliza kwenye treni ukitazama video za mbuzi. Watumie tiketi zao mkiwa nyumbani, kila mtu na simu yake, kwa sababu pale mlangoni maelfu ya simu zinagombania mtandao mmoja na duara linazunguka tu. Picha ya skrini usiitegemee. Begi la mgongoni haliingii. Kipochi kidogo kinapita, na begi la mtoto mchanga au la dawa lina ruhusa yake ila litakaguliwa. Zile chapati ulizofunga kwenye foili, thibitisha kanuni za chakula za msimu huo kabla ya kuzibeba, maana hakuna uchungu kama kula chapati nne umesimama kando ya pipa la taka ili zisipotee bure.

Ndani, pesa taslimu hazifanyi kazi, ni kadi. Soseji ya nje, ya mtaa wa Lansdowne, yenye vitunguu na pilipili hoho, ina harufu ya kukuvuta kola. Asiyekula nguruwe aulize kwanza ni nyama gani, asione aibu. Karanga zinauzwa na maganda yake. Utatafuta pa kuyatupa, utayafungia kwenye kitambaa kama ulivyolelewa, kumbe wenzako wanayadondosha chini ya viti. Mama mkwe akiona hilo atataka ufagio. Mwachie.

Kuhusu mchezo, wanaolalamika kwamba ni mrefu wanazungumzia zamani. Mwaka 2022 mechi ya kawaida ilichukua saa tatu na dakika nne. 2023 wakaleta saa ya kumhimiza mrushaji, sekunde 15 za kurusha pasipo mpinzani aliyesimama kwenye vituo vya kukimbilia, wastani ukaanguka hadi saa mbili na dakika 40. Vizuri. Lakini nani alifikiria kibofu? Zamani ulikwenda chooni, ukanunua soda, ukarudi, mrushaji bado anajikuna kofia. Siku hizi ukitoka, umekosa iningi nzima. Nenda pande zinapobadilishana, na nenda mapema. Bia hufungwa baada ya iningi ya saba na kila mwenye kiu anakumbuka hapohapo.

Mvua nayo ina sheria zake. Ikinyesha mwanzoni mnasubiri, saa moja, mbili, turubai limefunikwa juu ya udongo na hakuna wa kukwambia kitu. Iningi tano zikishakwisha na timu moja ikiwa mbele, waamuzi wanaweza kuifunga mechi na ikahesabika imekamilika. Pesa zako nazo zimekamilika. Beba koti la mvua; mwavuli ukiufungua utawaziba wa nyuma, na wa nyuma Boston hawanong'oni.

Na weka simu chini mrushaji akijiandaa. Ule mpira una gramu kama 145 na mishono 108 ya uzi mwekundu, ni mgumu kama embe bichi, na ukikwaruzwa na gongo unakuja jukwaani bila kubisha hodi. Tangu 2018 nyavu za viwanja vyote vya ligi zilifika hadi mwisho wa vibanda vya wachezaji, na baadaye zikarefushwa zaidi, lakini zinapoishia ni wewe na kiganja chako. Usijidanganye kwamba uko mbali. Katika sehemu ya 42, safu ya 37, kiti namba 21 kimepakwa rangi nyekundu katikati ya vya kijani, kwa sababu tarehe 9 Juni 1946 Ted Williams, mpigaji wa Red Sox, timu ya nyumbani, aliupiga mpira ukaenda futi 502, mita 153, ukamtua aliyekaa huko kichwani na kutoboa kofia yake ya majani. Mpira ulikwenda hadi safu ya 37!

Mechi ikiisha, watu zaidi ya elfu 30 wanaelekea Kenmore kwa mpigo. Usiwafuate. Hapo ndipo kile kituo cha uongo, Fenway, kinapolipa deni lake: tembea dakika kumi upande wa pili, panda D ya kurudi mjini kituo kimoja kabla ya umati. Behewa litakuwa na nafasi. Keti, nyoosha miguu, pumua. Kisha linafika Kenmore, milango inafunguka, na jamaa mwenye maganda ya karanga kwenye kola anajibana kati yako na dirisha, paja lake moja juu ya lako, mpaka North Station.